Nyumba ya Kazi

Mwaka 1960, nikiwa mtoto wa miaka 9, nilimwona baba yangu akifunga godoro kwa kamba ya katani mbele ya nyumba ambayo siku zote nilidhani ni yetu. Mgodi wa madini ya risasi wa Mpanda ulikuwa umefungwa. Nilipomuuliza kwa nini tunahama nyumba yetu, alinijibu bila hasira: "Nyumba ilikuwa ya kazi, mwanangu. Kazi imekwisha."

Ndugu msomaji, mji wetu wa Mpanda ulikua kwa sababu ya mgodi ule. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa zipatazo 210, ilifika hapa mwaka 1950, na sababu kubwa ya kuijenga ilikuwa kusafirisha madini. Miaka 10 baadaye madini hayakuwapo tena, lakini reli ikabaki, ikachukua mahindi, asali na abiria. Sisi tulirudi kijijini kwa babu, tukapewa chumba kimoja. Baba alikuwa na fedha kidogo za kuachishwa kazi. Ziliisha kabla ya mvua ya pili.

Ungedhani mtoto aliyeona mambo hayo angejifunza mapema. Haikuwa hivyo. Nilipomaliza chuo cha ualimu mwaka 1973 nilipangiwa shule yenye nyumba ya mwalimu, na kwa karibu miaka 40 nililala chini ya mabati ya Serikali: Inyonga, Usevya, Karema, kisha mjini. Nimekuwa mkazi wa mikoa mitatu bila kutoka katika eneo lililokuwa wilaya moja. Nilianza kazi tukiwa Tabora, mwaka 1974 tukaingia Rukwa, na mwaka 2012 tukawa Katavi. Mipaka ilihama, nami nilihamishwa, na kila mara niliikuta nyumba nyingine ikinisubiri. Mtu akizoea kusubiriwa na nyumba, husahau kwamba ipo siku hatasubiriwa.

Zipo sababu nyingine za kihistoria, nazo si za kupuuzwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi, pamoja na watumishi wa umma wa ngazi ya kati na ya juu, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Azimio halikumkataza mtu kujenga nyumba ya kuishi mwenyewe, lakini huku kwetu tofauti hiyo haikueleweka vizuri. Mimi, nilipokuwa mwalimu mkuu kijana, niliona haya hata kuulizia kiwanja, nikaogopa kuitwa bepari. Masharti yale yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Wakati huo nilikuwa na miaka 40. Sijutii imani ya ujana wangu, kwani ilitufundisha kutoiba. Ninachojutia ni kwamba niliifanya imani hiyo kuwa kisingizio cha kutopanga.

Akiba yangu niliiweka benki. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilibadilishwa rasmi kwa shilingi zipatazo 17. Mwaka 1995 ilihitaji zaidi ya shilingi 500. Fedha ambayo hapo mwanzo ingeezeka nyumba ndogo, kama ningeiacha mpaka mwisho, isingeezeka hata jiko. Aliyeniokoa ni mke wangu. Jioni moja mwaka 1989 aliniambia, "Mwalimu, hiyo pesa yako ni chumvi iliyoachwa mvuani. Afadhali tuilaze kwenye tofali."

Tukanunua kiwanja Kawajense, wakati ule pembeni kabisa mwa mji. Kila mwaka baada ya kuvuna mahindi tulichoma tanuri moja la tofali. Msingi tuliujenga mwaka 1992, kuta zikafika kwenye lenta mwaka 1997, na mabati tukayapandisha mwaka 2003. Walimu wenzangu walitutania kwamba tunajenga kwa mwendo wa kobe. Mke wangu alikuwa akiwajibu kwamba kobe hajawahi kulala nje.

Nilistaafu mwaka 2011, nikiwa na miaka 60 kamili. Barua ya kukabidhi nyumba ya shule ilifika kwa wakati wake. Kiinua mgongo hakikufika. Kilichelewa miezi saba, na katika miezi hiyo tuliishi Kawajense katika nyumba isiyo na dari, madirisha mawili yamezibwa kwa mbao. Usiku tulisikia popo wakipita juu ya vitanda. Lakini tulikuwa kwetu, wala hapakuwa na mtu wa kutugongea mlango mwisho wa mwezi.

Fedha zilipofika, ndipo mtihani wenyewe ulipoanza. Kwa sheria ya mwaka 1999, mtumishi wa umma alilipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, na nusu iliyobaki ikawa pensheni ya kila mwezi. Mtu aliyezoea mshahara wa mwalimu hajawahi kushika fedha nyingi kiasi hicho kwa siku moja. Mimi nilitaka kujenga nyumba kubwa kijijini, karibu na kaburi la baba, ili watu waone. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Nani atalala humo?" Sikuwa na jibu. Tulimalizia nyumba ya mjini, tukajenga vyumba vitatu vya uani vya kupangisha, na sehemu iliyobaki tukaiweka kwa ajili ya dawa na ada ya mtoto wa mwisho. Sehemu nyingine, nakiri, nilimkopesha mpwa wangu bila maandishi. Haijarudi mpaka leo.

Mwaka uliofuata mkoa wa Katavi ulianzishwa, watumishi wakahamia mjini, na vyumba vyetu havikukaa vitupu. Hiyo ilikuwa bahati, si akili yangu, nami sipendi kuwadanganya vijana.

Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari kuliko mimi, alistaafu karibu na wakati wangu. Yeye alikuwa hajajenga kitu. Alinunua lori lililotumika, na papo hapo akaanza nyumba ya vyumba sita. Lori liliharibika injini katika msimu wa kwanza wa masika. Nyumba ilifika kwenye lenta, na miti imeota ndani yake. Alifariki akiwa mpangaji, na matanga yake tuliyakalia katika ua wa mwenye nyumba, tukiwa tumeomba ruhusa. Alikuwa amefundisha nusu ya watu waliokuja kumzika.

Siku hizi walimu vijana hunijia na neno moja midomoni: kikokotoo. Nawaelewa. Mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Mwaka huohuo kanuni mpya zilishusha mkupuo hadi asilimia 25, na mwezi Desemba Rais Magufuli akazisimamisha. Mwaka 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu hapo zamani, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo. Mkupuo ukipungua, pensheni ya mwezi huongezeka, na yapo mengi ya kujadiliana hapo. Hata hivyo, mtu asiyejenga kitu mpaka siku ya kustaafu ameitegemeza paa ya uzee wake juu ya tarakimu ambayo katika miaka 6 imebadilishwa mara kadhaa.

Kwa hiyo nawaambia: ulizeni kiwanja mapema, hata kiwe mbali. Jengeni ndogo ya kulala kabla ya kubwa ya kuonwa. Mkupuo ukifika, ukute ukuta wa kumalizia, usikute pori la kufyeka. Na msikilizeni anayepika, maana yeye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani.

Baba alifariki mwaka 1979 katika kile chumba tulichopewa na babu. Hakuwahi kumlaumu mtu yeyote. Nikifunga mlango wangu jioni humkumbuka, kwa sababu aliniambia ukweli wote nikiwa na miaka 9, nami nilihitaji miaka 29 kuuelewa.