Mita Haijui Nyumba Yako

Mwaka 1882 kampuni ya Thomas Edison ilianza kuzalisha stima Holborn Viaduct, London. Mwaka huohuo, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme cha huko kikatoa kanuni za kuzuia moto unaoletwa na taa za umeme. Zilikuwa kurasa chache tu, lakini zilisema mambo mawili ambayo hayajazeeka. La kwanza: hatari ya teknolojia mpya hutoka hasa kwa wanaoifunga bila elimu wala uzoefu. La pili: kasoro za stima zimejificha ndani, hazionekani, kwa hivyo kinga ni kupima.

Sasa, kama kinga ni kupima, si tununue mita tumalize?

Mita ilikuja. Mwanzoni mwa karne ya 20, Evershed & Vignoles ya London ilikuwa ikiuza kipimo kiitwacho Megger, cha kuzungushwa kwa mkono. Kazi yake ni kusukuma volti nyingi, siku hizi 500 kwa waya za nyumbani, kuona kama ganda la waya linavujisha. Kanuni za leo za Uingereza, BS 7671, zinataka angalau megaomu 1.

Mwanagenzi akipata 1.2 ataandika "imepita" na kufunga mkoba. Mzee wa kazi atasimama kwanza. Amepima nyumba mpya nyingi, anajua waya mpya zilizo kavu husoma juu zaidi ya hapo, mara nyingi mamia. Pengine paipu ina maji ya plasta, pengine msumari umechubua waya. Atatenganisha saketi moja moja mpaka aipate. Kanuni imempa kiwango, uzoefu umempa swali.

Lakini uzoefu nao una ugonjwa wake. Stima ya kampuni ilifika Mombasa na Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na kanuni za Waingereza zikatufuata. Leo, kabla uwekewe mita, fundi mwenye leseni anafaa apime na kutia sahihi cheti. Leseni hupanda kwa ngazi, C2 ikiwa chini, na kupanda kunataka uzoefu. Ila kila mtaa una fundi wa miaka mingi ambaye kupima kwake ni kubonyeza swichi: taa ikiwaka, kazi imeisha. Taa hiyo itawaka hata kama swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Ukizima, inazima kweli, lakini holda bado ina moto. Utajua siku ya kubadilisha balbu.

Kiswahili kina maneno mawili ya mzizi mmoja hapa: uzoefu na mazoea. Miaka 20 bila kupima ni mazoea.

Kwa hivyo kijana wa chuo cha ufundi akidaiwa uzoefu, swali la haki si "miaka mingapi?" Aulizwe: umepima nini, ilisoma ngapi, na iliposoma vibaya ulifanya nini? Na anayemdai ana deni pia. Ampe mita mkononi, amsimamie akitafuta kasoro, asimfanye wa kubeba ngazi tu. La sivyo tutaendelea kupata vyeti vyenye sahihi, na nyumba ambazo hakuna aliyezipima.