Hidrojeni katika metali

Hidrojeni katika metali ni myeyuko mango ambamo atomu za hidrojeni hukaa kwenye nafasi zilizo kati ya atomu za metali au aloi. Molekuli za hidrojeni hutengana kwanza kuwa atomu katika uso wa metali, hivyo kiasi kinachoyeyuka huendana na kipeuo cha pili cha kanieneo: kanuni ya Mjerumani Adolf Sieverts. Paladi, ambayo Thomas Graham aliichunguza mwaka 1866, hutoa joto inapomeza hidrojeni na ikipashwa moto hupokea kiasi pungufu. Chuma ni kinyume: huhitaji joto, na kikipoa haraka hidrojeni hunaswa ndani. Ndiyo maana wachomeleaji hukausha elektrodi zenye unyevu, kwani unyevu huo hutoa hidrojeni. Vinginevyo kiungo chaweza kupasuka saa nyingi baada ya kupoa.

Hidrojeni huweza kudhuru pia mabomba ya gesi, kama yale ya njia ya gesi ya Songo Songo nchini Tanzania, inayovuka Mto Rufiji na kupita Kibiti kuelekea Dar es Salaam tangu 2004. Bomba lake ni la feleji ya kawaida. Gesi yenyewe kwa sehemu kubwa ni methani, si hidrojeni. Hatari ya hidrojeni hutoka nje: mabomba ya aina hiyo hukingwa kutu kwa umeme, na volteji ikizidi, maji ya udongo huzalisha atomu za hidrojeni, ambazo baadhi huingia katika feleji na kuidhoofisha.