Muhogo Mchungu na Mhakiki wa Gazetini

Wahakiki wa magazetini wanapozirejelea filamu za Kiswahili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, aghalabu huzihukumu kwa neno moja: propaganda. Hukumu hiyo ina msingi. Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa, Waziri Mkuu wa mwaka 1962, aliigiza akiwa mhusika mkuu, ilitengenezwa chini ya serikali ya kikoloni, na kichekesho chake ni mshamba aliyeingia Dar es Salaam.

Hata hivyo, hayo ni macho ya mjini. Kwa mkulima wa Kisarawe au Kibaha jina lenyewe lina uzito mwingine. Muhogo mchungu hauliwi mbichi. Humenywa, hulowekwa na kuanikwa mpaka ukawa makopa, kisha ukasongwa ugali. Wanyama waharibifu huusumbua kidogo kuliko ule mtamu, nao huweza kusubiri ardhini hadi msimu wa njaa. Anayeucheka, basi, huenda hajui kuupika.

Katika miaka ya 1970, Fimbo ya Mnyonge ya Kampuni ya Filamu Tanzania ilimleta tena mtu wa shamba mjini, safari hii ili akaishie katika kijiji cha ujamaa. Serikali ilikuwa nyingine. Mwenye kufundishwa alikuwa yuleyule.