Swichi moja, mitandao mitatu: nilivyogawa VLAN Suam

Leo siasa tuziweke kando. Nilikuwa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda chini ya Mlima Elgon, ambako mpwa wangu ameajiriwa na wakala wa kutoa mizigo forodhani. Baridi ya huko, kwa mtu wa Mombasa, ni kesi nyingine.

"Mjomba," akaniambia, "madereva wakiingia kwenye waifai yetu wanaziona faili za wateja." Ilikuwa kweli. Kompyuta za makarani, kamera na simu za wageni zote zilikuwa mtandao mmoja. Ankara za mfanyabiashara zilikuwa wazi kwa mshindani wake aliyekaa benchi la nje akinywa chai.

Dawa yake ni VLAN, yaani kuigawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa zisizojuana. Kanuni yake ni IEEE 802.1Q ya mwaka 1998: kila furushi la data hubandikwa lebo ya baiti 4 yenye namba ya mtandao wake, 1 hadi 4094. Lazima swichi iwe ya kusimamiwa, yenye ukurasa wa mipangilio. Ile ya kuchomeka tu haitakufaa.

Nilichora kwanza kwenye karatasi. Makarani namba 10, wageni 20, kamera 30. Namba 1 ndiyo inayokuja na swichi, na sipendi kuweka watu humo. Kisha nikafungua namba hizo na kugawa matundu. Tundu la kompyuta huwa la VLAN moja, bila lebo. Tundu la kwenda kwenye rauta, na la kifaa cha waifai kinachobeba majina mawili, hubeba VLAN kadhaa kwa lebo.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye swichi nyingi za bei nafuu kuna PVID, namba ambayo tundu huyapa mafurushi yanayoingia bila lebo. Ukilitia tundu kwenye VLAN 10 ukaiacha PVID kuwa 1, kompyuta haitapata hata anwani, nawe utalaumu kebo. Mimi nililaumu kebo saa nzima.

Jambo jingine: rauta ikijua mitandao yote mitatu, yenyewe itaiunganisha tena. Nikaweka sheria kwamba namba 20 iende intaneti tu, isiguse 10 wala 30.

Tundu la kompyuta yako mwenyewe libadilishe mwisho. Nililianza mapema nikajifungia nje, ikabidi niirudishe swichi ilivyotoka dukani.

Jioni kila kitu kikafanya kazi, alhamdulillahi, tukaenda kula. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, swichi ilikuwa haikumbuki hata VLAN moja, kwani sikubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mpwa wangu alicheka mpaka alfajiri. Karatasi ilikuwapo, nikarudia yote kwa dakika 20, na safari hii kuhifadhi kulitangulia chai.