Mtoki ni Mjumbe

Hakuna mzazi wa Niemba asiyeujua mtoki. Mtoto akichomwa na mwiba mguuni, na jeraha likaoza, baada ya siku chache kinena chake huvimba na kumwuma. Wazee wetu walijua tangu zamani ya kuwa uvimbe ule wa juu una habari za jeraha la chini. Nao walisema kweli. Mwilini mna vijito vyembamba vya maji yasiyo damu, navyo hupita katika tezi za kinena, za kwapa na za shingo, kama maji yapitavyo katika chujio. Uchafu na vijidudu hunaswa humo. Basi tezi ni mjumbe. Akiulizwa vizuri, hujibu.

Habari za kumwuliza mjumbe huyu ni za siku nyingi, na nyingine zilitokea karibu nasi. Mwaka 1803 mganga Thomas Winterbottom, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, aliandika juu ya tezi zinazovimba nyuma ya shingo za wagonjwa wa malale. Mwaka 1904 waganga Greig na Gray, huko Uganda, walichoma tezi za namna hiyo kwa sindano, wakavuta maji kidogo, wakaviona vijidudu vya malale kwa darubini. Siku zile zile Dutton na Todd walikuwa wakisafiri katika Kongo, wakipapasa shingo za watu kijiji kwa kijiji. Dutton alifia Kasongo mwezi wa Februari 1905, kwa homa ya papasi. Lakini kazi iliendelea, maana kwa njia hiyo mgonjwa aliweza kujulikana kabla usingizi haujamshika.

Je, kansa ya ngozi inahusikaje na hayo? Ugonjwa ni mwingine, ila fikra ni ile ile. Iko kansa kali iitwayo melanoma, itokayo katika chembe zinazoipa ngozi rangi yake. Ikiachwa, hufuata vijito vile mpaka kwenye tezi, na yaweza kufika mapafu, ini na ubongo. Mwaka 1892 Herbert Snow, mganga wa London, alishauri tezi za jirani zikatwe mapema, hata kama hazijavimba. Wengi walimfuata. Lakini tezi zote zikiondolewa, maji hukosa njia, na mguu au mkono waweza kuvimba usipungue tena.

Mwaka 1992 Donald Morton na wenzake wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 223. Walitia rangi ya buluu katika ngozi penye kansa, wakaifuata mpaka tezi ya kwanza iliyoipokea, wakaitoa hiyo wakaipima. Ikiwa ya kwanza ni safi, kwa kawaida zilizo nyuma yake ni safi pia, na za nini kuzikata? Tena mwaka 2017 uchunguzi mkubwa ulionyesha ya kuwa, hata tezi ya kwanza ikikutwa na kansa, kuzikata zote zilizobaki papo hapo hakukuwaongezea wagonjwa maisha kuliko kuziangalia mara kwa mara kwa mashine. Waliokatwa zote, 24 katika kila 100 walipata uvimbe. Wale wengine, 6 tu. Kipimo hiki, basi, si dawa. Humwonyesha mganga ugonjwa umefika wapi, ili ajue dawa ya kumpa mgonjwa.

Hapa tuangalie tofauti moja kubwa. Tezi ya malale iliulizwa ikiwa imekwisha kuvimba. Tezi ya melanoma huulizwa ingali ndogo. Mtoki wa kansa ukishikika kwa vidole, ugonjwa umekwisha kusafiri. Kwa hiyo tusingoje mtoki.

Tutazame wapi? Mwaka 1967 mganga M. G. Lewis aliandika juu ya wagonjwa wa Uganda, akaonyesha ya kuwa kwao melanoma ilianza zaidi katika wayo. Nasi tunaokwenda shambani bila viatu, ni nani azitazamaye nyayo zake? Doa jeusi linalopanuka, kidonda cha wayo kisichopona au kitokacho damu, mstari mweusi unaozidi upana chini ya ukucha: hayo tusiyachome moto wala kuyachokoa kwa wembe. Tuyapeleke kwa mganga yangali madogo. Njia ya Kalemie ni ndefu, lakini afadhali kuifuata mapema kwa ajili ya doa kuliko kwa ajili ya mtoki.