Usonji na Upungufu wa Akili: Habari za Mambo Mawili Yaliyodhaniwa Kuwa Moja



Kila mara mzazi ajapo mbele ya kamati kuomba msaada wa karo kwa ajili ya mtoto asiyesema, au asemaye maneno yasiyofuatana, neno analolileta kutoka shuleni huwa ni moja tu: mtoto huyu ana upungufu wa akili. Neno hilo laweza kuwa kweli, nalo laweza lisiwe kweli. Lakini likishaandikwa katika karatasi ya mtoto ni vigumu sana kulifuta, na kwa sababu ya neno hilo mtoto hupelekwa huku badala ya kule, au huachwa nyumbani tu. Kwa hiyo imeonekana vyema kueleza katika kurasa hizi jinsi wataalamu wenyewe walivyohangaika na jambo hili kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, maana makosa yao yanafanana sana na yetu.

Kwanza yafaa tujue tunazungumza juu ya nini. Upungufu wa akili, ambao siku hizi huitwa ulemavu wa akili, ni ugumu wa kuelewa, kujifunza na kujimudu katika mambo ya kila siku, ulioanza tangu utoto. Usonji ni jambo lingine. Mtoto mwenye usonji ana ugumu katika kushirikiana na watu na kuzungumza nao. Hupenda mambo yarudiwe vile vile kila siku, hushikamana na kitu kimoja au vichache, na pengine hawezi kuvumilia sauti au mguso ambao sisi hatuujali. Mtoto aweza kuwa na la kwanza bila la pili, au la pili bila la kwanza, au yote mawili pamoja, kama vile mtu awezavyo kuwa na homa na mguu uliovunjika kwa wakati mmoja. Jambo hili ni jepesi kulisema leo, lakini lilichukua miaka mingi kujulikana.

Mwanzoni mwa mwaka 1800, katika jimbo la Aveyron kusini mwa Ufaransa, alitokea mvulana wa miaka kama 12 aliyekuwa akiishi peke yake msituni, uchi, hana maneno. Alipelekwa Paris, na daktari mkuu wa magonjwa ya akili wa siku zile, Philippe Pinel, alimtazama akasema kwamba ni punguani asiyeweza kuponywa. Daktari kijana wa shule ya viziwi, Jean Itard, hakukubali. Alimpa mtoto jina la Victor, akamfundisha kwa muda wa miaka kama mitano. Victor alijifunza kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuandaa meza ya chakula, na kumpenda mama mmoja, Bi. Guérin, aliyemlea mpaka alipofariki mwaka 1828. Ila kusema hakuweza. Katika mwaka 1989 mtaalamu Uta Frith wa London aliandika kwamba dalili za Victor zinafanana na za usonji. Wengine wanasema aliharibiwa na upweke wa msituni tu. Mabishano hayo hayatakwisha, maana mwenyewe hayupo. Lakini tazameni kwamba Pinel na Itard walimwona mtoto yule yule mmoja, na kila mmoja akaona lake.

Baada ya hapo nchi za Ulaya na Marekani zilijenga nyumba kubwa za kuwawekea watu walioitwa mapunguani. Mwaka 1905 Mfaransa Alfred Binet, pamoja na Théodore Simon, alitunga mtihani wa kupima akili za watoto. Shabaha yake ilikuwa njema: kuwajua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee. Lakini mtihani ulipovuka bahari na kufika Marekani uligeuzwa kuwa kama mizani ya sokoni, mtu akipimwa mara moja bei yake imekwisha kupangwa. Nao ulitegemea sana maneno. Mtoto asiyejibu mgeni anayemwuliza maswali alihesabiwa kuwa hajui.

Neno lenyewe la kizungu la usonji, lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "nafsi yake", lilitungwa na Eugen Bleuler wa Uswisi, naye katika mwaka 1911 alilitumia kwa wagonjwa wazima wenye wazimu waliojifungia ndani ya mawazo yao. Mwaka 1925 daktari mmoja wa kike wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliandika habari za wavulana sita wenye tabia ambazo leo tungeziita usonji, lakini kazi yake ilisahauliwa kwa miaka mingi. Waliosifiwa ni wanaume wawili waliokuja baadaye.

Wa kwanza ni Leo Kanner, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani mwaka 1924, akawa daktari wa watoto wenye matatizo ya akili huko Baltimore. Mwaka 1943 aliandika habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Mtoto wa kwanza katika orodha yake alikuwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Mtoto huyu hakuwajali watu, wala hakugeuka alipoitwa, lakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 1937, akiwa na umri wa karibu miaka minne, wazazi wake walishauriwa wamweke katika nyumba ya watoto mbali na kwao. Alikaa huko karibu mwaka mmoja, akazidi kunyong'onyea. Wazazi wakaenda kumchukua ijapokuwa mkuu wa nyumba ile hakupenda. Baba yake, aliyekuwa wakili, alimwandikia Kanner barua ya kurasa 33 akieleza kila jambo la mtoto, na mwezi wa Oktoba 1938 mtoto akafikishwa Baltimore. Barua ile ya mzazi, kwa maoni yetu, ilifanya kazi kubwa kuliko mtihani wo wote.

Jambo lililofuata ndilo litakalowapendeza wazee wanaolima. Donald alipokuwa na umri wa miaka kama tisa, wazazi walimpeleka kukaa kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wasio na mtoto wala shahada. Donald alikuwa na shauku ya kupima vitu na kuhesabu. Mkulima hakumkataza. Alimpa kazi ya kuchimba kisima, ili apate kupima kina chake. Alipoona mtoto anahesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, alimwambia ahesabu huku akilima kwa plau. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alimkuta kijana akimwongoza farasi na plau, akigeuka vizuri mwisho wa kila mstari. Baadaye Donald alisoma mpaka akapata shahada ya chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wake, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwezi wa Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Katika orodha ile ile alikuwamo msichana ambaye Kanner alimwita Virginia. Huyu aliwekwa katika nyumba ya serikali ya mapunguani mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka kama mitano. Watu walimdhania kiziwi, na walipoona anasikia walisema basi ni punguani. Alipopimwa kwa mtihani usiohitaji kusema alipata alama 94, na wastani wa watu wote ni 100. Kwa hesabu hiyo hakuwa punguani hata kidogo. Hata hivyo hakutoka. Mwaka 1971 Kanner alipofuatilia habari za wale 11, alimkuta Virginia mtu mzima akiwa bado chini ya ulinzi wa nyumba za namna ile, akaandika kwa masikitiko kwamba kwa watoto hawa kuingizwa humo kulikuwa sawa na kufungwa maisha.

Mtu wa pili ni Hans Asperger wa Vienna, aliyeandika mwaka 1944. Yeye alisema wazi kwamba tabia hizi huonekana kwa wenye vipaji vikubwa na kwa wenye upungufu wa akili pia, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini historia imefunua mengine. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa hati za zamani kwamba Asperger, chini ya utawala wa Nazi, alisaidia kuwapeleka baadhi ya watoto katika hospitali ya Am Spiegelgrund, mahali walipofia watoto 789, wengi wao wakiwa wameuawa kwa sababu ya ulemavu wao. Mtoto aliyeonekana kuwa na akili aliweza kutetewa. Aliyeonekana kuwa hana, hakuwa na mtetezi. Hapo ndipo tunapoona kwamba mpaka uliochorwa baina ya mambo haya mawili haukuwa suala la vitabu peke yake.

Kanner naye aliacha fundisho lililopotosha upande wa pili. Kwa kuwa watoto wake walikuwa na kumbukumbu njema na nyuso za werevu, alifikiri kwamba wote wana akili timamu iliyofichika. Kutokana na fikira hiyo madaktari wengine wakasema: ikiwa akili ipo, basi kuna aliyeifungia; na aliyelaumiwa ni mama, eti hakumpenda mtoto wake. Mama wengi waliteswa na maneno hayo katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 1964 Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto wa namna hii, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba chanzo kimo katika maumbile ya mwili. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walithibitisha kwa kuwachunguza mapacha kwamba urithi una sehemu kubwa.

Ndipo watu walipoanza kuhesabu. Victor Lotter aliwapima watoto wa miaka 8 hadi 10 katika wilaya ya Middlesex, Uingereza, na mwaka 1966 akatangaza kwamba wenye usonji ni kama 4.5 katika kila 10,000. Zaidi ya nusu yao walikuwa na upungufu wa akili pia. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould, baada ya kuchunguza watoto wa Camberwell, London, walionyesha kwamba watoto wengi wenye upungufu mkubwa wa akili wana pia ugumu ule wa kushirikiana na watu, ingawa hawakufanana kabisa na watoto wa Kanner. Bi. Wing alikuwa daktari, na binti yake mwenyewe alikuwa na mambo yote mawili. Hakuwa na haja ya kuambiwa kwamba yaweza kukaa katika nyumba moja.

Tangu wakati huo maana ya usonji imepanuliwa, wakaingizwa hata wale wanaosema vizuri na kusoma sana. Kwa hiyo hesabu imegeuka. Zamani ilisemwa kwamba robo tatu ya wenye usonji wana upungufu wa akili. Katika taarifa ya Marekani ya mwaka 2025, juu ya watoto wa miaka 8 waliopimwa akili, walikuwa karibu 40 kwa mia. Vipimo navyo vimetazamwa upya. Mwaka 2007 wataalamu wa Kanada waliwapa watoto 38 wenye usonji mitihani miwili: mmoja wa kawaida, na mwingine wa picha usiohitaji maneno mengi. Katika ule wa picha walipanda juu sana, na baadhi ya walioonekana mapunguani kwa mtihani wa kwanza hawakuonekana hivyo kwa wa pili. Nacho kitabu cha madaktari wa Marekani, tangu mwaka 2013, humtaka daktari aandike mambo mawili mbali mbali: kama mtoto ana usonji, na kama upo pamoja na upungufu wa akili au haupo.

Hapa kwetu Afrika habari zilianza kwa upungufu wa namna yake. Lotter yule wa Middlesex alizuru miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na mwaka 1978 akaandika kwamba kati ya watoto zaidi ya 1,300 wenye upungufu wa akili aliowatazama, wenye usonji walikuwa wachache mno. Wengine walisema basi usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Lakini Lotter aliwatazama watoto waliokuwamo katika shule na vituo tu. Walio nyumbani, nyuma ya mlango, au waliokuwa wakichunga mbuzi kwa nyanya zao, hakuwaona, wala hakuna aliyewahesabu. Mwaka 2006 madaktari waliandika habari za watoto wa Tanzania ambao dalili za usonji zilionekana baada ya malaria kali, na malaria ya namna hiyo huweza pia kudhuru akili kwa jumla. Kwa hiyo katika nchi zetu mambo haya mawili yaweza kumfika mtoto mmoja kwa mlango mmoja.

Katika Kenya, vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji ya pekee vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mwaka 2003 ilitoka sheria ya watu wenye ulemavu, na mwaka huo huo wazazi waliunda chama chao cha usonji, na kitengo cha watoto hao kikafunguliwa katika City Primary School, Nairobi. Kabla ya hapo mtoto mwenye usonji aliyebahatika kupata shule aliwekwa pamoja na wenye upungufu wa akili, akiwa nao au asiwe nao.

Mzazi ajaye na karatasi kutoka kituo cha upimaji anayo haki ya kuuliza mambo matatu: kama masikio ya mtoto yalipimwa kwanza, mtihani ulitolewa kwa lugha gani, ile ya nyumbani au nyingine, na kama ulihitaji mtoto kusema. Katibu yu tayari kumwandikia barua mzazi asiyeweza kuandika mwenyewe, na barua hiyo yaweza kuwa ya kurasa nyingi kadiri mzazi apendavyo.