Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki: ufugaji

Konokono huyu, Lissachatina fulica, asili yake ni pwani ya Kenya na Tanzania. Gamba lake laweza kufikia sentimita 20. Penye baridi hufugwa ndani ya tangi la kioo lenye joto la nyuzi 20 hadi 28. Kipasha joto hubandikwa ubavuni mwa tangi, kamwe si chini, kwa kuwa konokono akiona joto hujichimbia udongoni, na huko ataungua. Lakini Mwakirunge, Kisauni, joto la Mombasa latosha bila kipasha joto cha umeme. Adui wake ni jua kali na ukavu, unaomfanya azibe mlango wa gamba na kulala. Udongo unyunyiziwe maji. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa kalisi. Marekani imepiga marufuku kumfuga. Huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, hivyo nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo.